Kikao cha Koo la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akimeza aina nne za vidonge vya presha, na presha haikushuka. Daktari alimpima akiwa usingizini, akatueleza bila kuzunguka: koo linajifunga akilala, pumzi inakatika, moyo unahangaika mpaka asubuhi. Bila kutibu pumzi, kiharusi hakiko mbali.

Alitutajia njia tatu. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, ambayo ndiyo daktari mwenyewe aliyoipendekeza. Kifaa cha kuvaa mdomoni kinachosogeza taya mbele, kwa wenye tatizo dogo. Na mtungi wa oksijeni, ambao alisema haufungui koo wala hautashusha presha yake. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Lakini kwetu Wachaga mtu haugui bila kikao. Shemeji zangu watano walijaa sebuleni kwangu Kaloleni, wakachagua mwenyekiti na katibu, wakasali, kisha wakajadili koo la kaka yao kana kwamba ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo.

“Hiyo mashine ni pampu tu,” alisema mmoja, fundi magari. “Inasukuma hewa hii hii ya bure. Wagonjwa mahututi wanapewa nini? Si oksijeni?”

“Na mtu mzima atalalaje amefungwa mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa?” aliuliza mwenyekiti.

Nikaanza, “Daktari alisema...”

“Shemeji, tunakushukuru sana kwa chai. Katibu, andika mtungi,” alinikatiza mwenyekiti.

Katibu akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Niliwadharau wote, na zaidi yao mume wangu, mwanaume anayebishana na wateja dukani kwake kutwa nzima kuhusu unene wa bati, ambaye siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu.

Mtungi ukasimama kando ya kitanda. Aliendelea kukoroma na kukabwa, na kliniki presha ikawa ile ile. Kikao kikasema tuvute subira. Tuliivuta mpaka asubuhi moja, akiwa anafunga vifungo vya shati, mdomo wake ulipokwenda upande na akashindwa kuniita.

Sasa anatumia mashine, na presha imeshuka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Shemeji zangu wanasema waliteleza kidogo tu. Barakoa ninamvalisha mimi, kwa sababu mkono wake wa kulia hauwezi kukaza mkanda.