Mtani Kutoka Katy

Hadi nilipofikisha miaka arobaini na mbili nilikuwa nikiwaambia watu kwamba sina kabila. Sikusema hivyo kwa kiburi. Nilikuwa nimelifikiria jambo lenyewe polepole, kama ninavyofikiria kila kitu, nikaona kabila ni ajali ya kuzaliwa, na mtu hawezi kujivunia ajali. Shule niliiacha baada ya darasa la saba. Umeme, hesabu za joto na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, nikaja Texas, nikatengeneza viyoyozi kwenye maofisi ya Richardson kwa miaka mitatu, kisha nikahamia Missouri City, mji mdogo kando ya Houston, kwa sababu huko kuna joto zaidi na joto ndilo linalonilisha. Katika kazi yangu, geji ya kupimia ikisema gesi imepungua, imepungua. Niliamini kila jambo la maana lina geji yake, na lisilo nayo ni porojo.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea Tabora. Alifariki mwezi wa Agosti, mwishoni mwa miaka ya tisini, akiwa mzee sana, usingizini, bila maumivu. Habari nilipewa kwa simu siku ya Jumanne. Siku hiyo karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado mezani kwa maofisa, na mwanasheria alishanionya kwamba nikitoka nje ya nchi kabla hazijajibiwa, huenda nisirudi. Kwa hiyo bibi alizikwa Jumatano bila mimi, nami nikaenda kazini.

Nilitaka jambo moja tu: kumuaga ipasavyo. Sikujua linafanywaje kutoka umbali ule. Machozi hayakuja Jumanne wala siku zilizofuata, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kifo chenyewe, kwa kuwa yeye alikuwa na miaka yake mingi na mimi nilikuwa na deni la kumlilia. Basi nikafanya ninachokifanya kila mtambo unapogoma. Niliandika utaratibu. Watu wangekusanyika nyumbani kwangu Jumamosi, na kila atakayeingia angepewa karatasi niliyoipiga chapa: saa nne kamili, kuwasili; saa nne na robo, sala; saa tano kasorobo, wasifu wa marehemu; saa tano na dakika ishirini, chakula. Mke wangu aliisoma, akanitazama, akairudisha mezani. "Sawa, baba," alisema, kwa sauti anayoitumia watoto wanapomwonyesha michoro yao.

Walikuja kama watu thelathini, Watanzania wengi na Wakongo wachache wa mtaani. Aliyekaa karibu nami alikuwa jirani yangu kutoka Bukavu, mfanyakazi wa ghala na mzee wa kanisa lao, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Tulikuwa ndani ya muda. Nilikuwa nimefika katikati ya wasifu, ninasoma mwaka gani bibi alihamia wapi, mlango ulipofunguliwa na mama mmoja nisiyemjua akaingia. Alivaa sare ya uuguzi na viatu vyeupe vya kazini, khanga kaifunga juu yake kiunoni.

"Hapa ndipo kwa Mnyamwezi aliyefiwa?"

"Ndipo, mama. Karibu," alijibu mke wangu.

"Karibu ya nini? Nimeendesha gari kutoka Katy, huko upande wa pili wa Houston, nimetoka zamu sijalala, nije kuhakikisha amekufa kweli. Wanyamwezi siwaamini. Anaweza kuwa amejilaza tu, anangoja mzigo mwingine."

Mama yule aliinyakua karatasi mkononi mwa mzee mmoja, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimesahaulika huko.

"Nani kaandika hii? Msiba una saa kama treni ya Kigoma? Hata hiyo treni yenyewe haifuati saa! Na kulia ni saa ngapi? Kula nimekuona. Kulia sikuoni."

Kwa asiyejua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo, kabila la mama huyu, ni watani. Tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo kutoka bara hadi kwao pwani, kila upande una ruhusa ya kuwaita wenzao watumwa na kuwanyang'anya chakula, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika. Msibani mtani ana wajibu zaidi. Hutukana wafiwa, na huku anawatukana anawafanyia kazi zote wasizoziweza. Mimi hayo niliyajua kama ninavyojua mito ya nchi nisizofika. Nilikuwa nimeyaweka katika fungu la porojo.

Jirani yangu hakuyajua kabisa. Aliinama sikioni mwangu, uso umemkunjamana.

"Ndugu, huyu mama anatukana marehemu. Nimutoshe inje?"

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliniuliza kwa Kiingereza kama yule mama ana akili timamu. Watu wote walinitazama. Nilielewa vizuri sana hali ilivyo. Nikitikisa kichwa mara moja tu, jirani angemshika mkono kwa heshima, mama angetoka bila ugomvi, na tungerudi kwenye wasifu tukiwa tumechelewa dakika nne. Au nimjibu. Na mtu asiye na kabila hana mtani wa kumjibu.

Mdomo ulifunguka kabla sijamaliza kufikiri.

"Mwache huyo," nilimwambia jirani. "Ni mtumwa wetu. Bibi alimwacha pwani zamani, maana alikuwa mzito kuliko pembe za ndovu, na pembe angalau zina mnunuzi."

Sauti ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi, kabisa, na ile namna yake ya kulivuta neno la mwisho.

"Eee! Kumbe ana mdomo!" Mama alipiga makofi. "Nilidhani amefiwa mpaka na ulimi!"

Watanzania walicheka kwa kishindo. Kisha mama yule alichukua sufuria tupu jikoni, akajitwika kichwani, akapinda mgongo, akaanza kutembea sebuleni kwa hatua fupi za kikongwe. Hakuwahi kumwona bibi yangu hata siku moja; yaliyotuhusu alikuwa ameyasikia tu kwa waliompa habari ya msiba. Alisimama mbele ya kiti changu akaninyooshea kidole.

"Wewe mjukuu! Umekwenda Marekani kuwapoza Wazungu, mimi umeniacha nife na joto la Tabora? Feni moja tu, mwanangu, hata ya mkono, imekushinda?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko kile kitu kilikatika, nikawa ninalia, mbele ya watu thelathini, kwa sauti, pua inatiririka. Hakuna aliyeninyamazisha. Mama aliitua sufuria, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, akasema taratibu, "Haya. Sasa tumemzika," na bila kupumzika akaongeza, "Na pilau yake naondoka nayo."

Hakuondoka nayo. Aliipakua kwa kila mtu, akamkatalia mke wangu kugusa hata kijiko, akaosha masufuria yote, akafagia, akakemea jinsi tunavyoweka chumvi. Jirani yangu alimfuata jikoni kumwomba radhi kwa nia aliyokuwa nayo, akapewa kitambaa akaushe vyombo. Mama aliondoka alasiri, ndipo nikatambua kwamba hatukuulizana hata majina. Aliacha namba ya simu kwenye kalenda ya ukutani, na juu yake ameandika: *Bwana wenu*.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado naamini geji. Ila sisemi tena kwamba sina kabila. Nilidhani nimejijenga mwenyewe kuanzia msingi, kitabu juu ya kitabu. Kumbe mtu mwingine alikuwa na ufunguo wa nyumba hiyo, naye hajawahi hata kunijua.

Jumapili asubuhi, wakati wa chai, binti yangu aliniuliza maswali kwa mpangilio ambao najua ameurithi wapi. Yule ni nani kwetu? Mtani. Hana undugu nasi? Hana. Na wewe ukimtukana hakasiriki? Haruhusiwi. Alitafuna mkate wake, akiwaza.

"Na mimi je?" aliuliza, safari hii kwa Kiswahili. "Mimi ni Mnyamwezi?"

"Ni Mnyamwezi," nilisema. Lilitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo na mimi naweza?"

"Unaweza. Tena ni haki yako."

Aliinuka, akaisoma namba kwenye kalenda, akabonyeza simu. Ilipoanza kuita huko Katy aliufunika mkonga wa simu kwa kiganja, macho yamemtoka kwa furaha na hofu.

"Baba, haraka! Nipe tusi moja. Lile la kuanzia."