Siku Tuliyopunguzwa Kazini

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila nikipita Gatsata, mtaa wa gereji hapa jijini, na kusikia mafundi wakigonga vyuma. Nilikuwa kijana, sijaoa, na haukuwa umepita muda mrefu tangu nirudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kukulia. Nilikuwa karani wa ghala katika duka kubwa la vipuri vya magari pale Gatsata. Kazi niliipenda. Ungeniomba beringi ya lori la zamani, ningekwenda kuichukua nikiwa nimefumba macho.

Duka lilikuwa limepata wenyewe wapya. Kwa wiki kadhaa tulisikia minong'ono tu, na minong'ono haikupi jibu wala haikuachi ulale. Asubuhi hiyo tulikuta lango limefunguliwa nusu. Mlinzi wetu, ambaye hakuna siku alikosa la kututania, alitusalimia huku akitazama viatu vyake. Tukaambiwa tukae uani, tutaitwa mmoja mmoja.

Nilikaa karibu na Gaspard. Huyu alikuwa mkuu wa mauzo, mtu mzima kwangu, baba wa watoto, na ndiye aliyenipokea na kunifundisha kazi. Yeye alikulia hapahapa Rwanda, akasoma kwa Kifaransa, na sikuwahi kumwona bila shati jeupe lililopigwa pasi, hata siku za kupokea mizigo. Aliitwa kabla yangu. Hakukaa sana ndani. Alipotoka alinipita kama hanioni, akaenda kusimama penye matairi chakavu akiwa ametupa mgongo.

Kisha nikasikia jina langu.

Ndani alikuwamo meneja mpya na mwanamke nisiyemjua. Meneja alisema biashara imebadilika, nafasi yangu haipo tena, na kwamba wananishukuru. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Akanisogezea karatasi, na juu yake kalamu iliyokwisha kufunguliwa.

"Saini hapa chini, tumalize."

Nikaitazama ile karatasi, nikaona ni Kifaransa kitupu. Sisi tuliokulia Tanzania, mwanangu, tulirudi na Kiswahili chetu na Kiingereza cha shule. Kifaransa nilikijua cha kusalimia watu tu.

"Samahani, bosi. Kifaransa sikisomi vizuri. Naomba niende nayo nyumbani nikasomewe."

"Ni utaratibu tu. Wenzako wamesaini."

"Naelewa, bosi. Nitairudisha."

"Usiposaini leo, siwezi kukuahidi kwamba kesho kutakuwa na kitu cha kukupa."

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa na sababu moja tu ya kutoishika ile kalamu: sikujua ninasaini nini. Nikaikunja karatasi, nikaaga, nikaelekea mlangoni nikingoja sauti ya kuniita nirudi. Haikuja.

Nje nikamwendea Gaspard. "Kaka, humu imeandikwa nini?"

Hakuipokea. "Iko barua ya kuacha kazi," akasema. "Inasema sisi wenyewe ndiyo tumeomba, kwa hiari, na hatudai kitu."

"Na wewe umesaini?"

"Nimesaini."

"Bila kuisoma?"

"Nimeisoma yote." Akageuka kunitazama. "Sitefano, unisikie. Mama Diana hapana kuambia. Nitamwambia mimi mwenyewe, nikishapata kazi ingine."

Mama Diana ni mkewe. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Alinishika bega, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi mahali.

Wakati huo nilikuwa nakaa na shangazi yangu Melania, hapohapo Gatsata, juu mlimani. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Karagwe, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimkuta akichambua maharage. Nikamweleza kila kitu, kuanzia lango hadi kalamu. Aliniuliza kama nimemtukana mtu, nikasema hapana. Akaniuliza kama karatasi ninayo, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua. Nilipofika kwenye habari ya Gaspard nilisema, kama vijana tunavyosema, "Lakini hayo ni mambo ya nyumba ya watu."

Shangazi akauweka ungo chini.

"Nani amekufundisha hivyo? Mimi sikukufundisha. Mtu anasoma barua inayomdhulumu, anaielewa, halafu anaisaini. Huyo hofu imemshika mkono. Na sasa unamwacha peke yake na hofu hiyohiyo?"

"Ameniomba ninyamaze, shangazi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wazee wetu wa hapa husema jiwe lililokwisha kuonekana halivunji jembe. Linalovunja jembe ni lile lililofunikwa na udongo. Kesho asubuhi na mapema uende kwake. Ukae naye, amwambie mkewe wewe ukiwepo. Ukimkuta ameshatoka, umwambie wewe."

Nilitaka kubishana. Alikuwa amekwisha kurudia maharage yake.

Asubuhi nilifika Remera, upande wa pili wa jiji, wakati wahudumu wa baa za mtaa wa Gisimenti wakiosha veranda. Gaspard alikuwa amepanga nyumba nyuma ya mtaa ule. Mama Diana alikuwa uani anaanika nguo za watoto. Akanikaribisha kwa furaha, akanipa kiti.

"Gaspard ameshaenda kazini," akasema. "Mmepishana." Kisha akanitazama vizuri, akatazama na jua lilipofika, na mkono wake ukasimama kwenye kamba. "Na wewe, Sitefano? Leo hamfungui?"

Mwanangu, nimepita kwenye mitihani mingi, lakini swali lile dogo silisahau. Ningeweza kusema nimetumwa. Ningeweza kusema naumwa. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi.

"Mama Diana, tuketi kwanza."

"Amekufa?"

"Hajafa. Ni mzima. Jana tumepunguzwa kazini, mimi na yeye na wengine. Alitaka kukwambia mwenyewe."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikaa akinyoosha soksi ya mtoto kwenye goti lake, akaikunja, akainyoosha tena.

"Ameondoka na shati lake la kazi," akasema. "Nimempa na chai." Kisha uso wake ukabadilika. "Jana jioni alikuwa nje anaongea kwenye simu. Nilisikia anataja mipaka, anataja Ndera. Nikafurahi, nikajua ameamua tuanze kujenga." Akasimama. "Anakiuza kiwanja."

Kiwanja kile cha Ndera walikinunua pamoja. Mama Diana alikuwa akiuza vitenge, na miaka kadhaa hakujinunulia hata kimoja. Ndicho kitu pekee walichokuwa nacho juu ya ardhi. Tulimpigia Gaspard, simu imezimwa. Mama Diana akamwachia jirani mtoto mdogo, tukachukua pikipiki mbili hadi Ndera. Njia nzima niliona kitambaa chake cha kichwa mbele yangu kikipigwa na upepo, na nilikuwa najiuliza: tukifika tumechelewa, nitasema nini?

Ndera wakati huo ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba. Tuliliona shati jeupe tukiwa bado mbali, katikati ya mahindi ya watu. Gaspard alikuwa na wanaume wawili, mmoja dalali, mwingine mnunuzi. Dalali alikuwa amelaza karatasi juu ya boneti ya gari, ameikandamiza kwa kiganja isipeperuke, na kwa mkono wa pili anampa Gaspard kalamu.

Mama Diana hakukimbia. Alishuka kwenye pikipiki, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akawaendea. Akawasalimia wale wageni mmoja mmoja kwa mkono, kama amewakuta nyumbani kwake. Ndipo akasema, "Kiwanja hiki kina wenyewe wawili. Wa pili ni mimi, na mimi siuzi. Mtusamehe kwa usumbufu."

Dalali akacheka kidogo. "Mama, mzee ameshakubali. Mnunuzi ana haraka."

"Anayeharakisha ana sababu zake. Sisi hatuna."

Mnunuzi alimtazama Gaspard, akamtazama mkewe, akaichukua karatasi yake akaikunja. Alikuwa mtu mwenye akili. Hakutaka kununua kesi. Gari lilipoondoka tulibaki watatu. Gaspard alikuwa bado ameishika ile kalamu ya dalali. Mimi nilisogea pembeni, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

"Nilitaka kukuletea mshahara mwisho wa mwezi," akasema. "Usijue."

"Halafu mwezi wa pili?"

Mama Diana akaondoa kipande cha jani la muhindi begani mwa mumewe.

"Umekula kitu tangu asubuhi?"

Hapo ndipo yule mtu mzima aliyenifundisha kazi alipoketi chini kwenye majani, na shati lake jeupe, akalia. Mkewe akaketi kando yake. Mimi nikatazama milima.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole na ya kuchosha, nami sitakudanganya kwamba tulishinda yote. Tulikwenda kwa mkaguzi wa kazi wilayani, anayesikiliza migogoro ya wafanyakazi na waajiri, mimi na barua yangu isiyosainiwa, Gaspard na maneno yake matupu. Kwangu haikuchukua muda. Meneja aliitwa, akaulizwa nani ameomba kuondoka, na kwa kuwa sahihi yangu haikuwepo, walilazimika kukiri kwamba wao ndio walionipunguza, wakanilipa haki yangu ya kuachishwa pamoja na likizo nilizokuwa sijachukua. Kwa Gaspard ilikuwa vita. Tulikwenda na kurudi hadi mlinzi wa ofisi ya wilaya akatujua kwa majina. Mwishoni alipata sehemu tu ya alichostahili, pamoja na cheti cha kazi kinachoeleza miaka yake yote pale. Alisikitika. Mama Diana akamwambia cheti hicho kitaongea mahali ambapo yeye ataona aibu kuongea.

Na kweli kiliongea. Mimi kwa upande wangu nilizunguka gereji za Gatsata, kwa wateja wetu wa zamani, nikiwaambia waziwazi: nimepunguzwa, natafuta kazi, vipuri navijua. Mwenye gereji mmoja akaniajiri, naye akaniuliza kama namjua muuzaji mzuri mwenye Kifaransa, maana alikuwa akipokea madereva kutoka Bujumbura na Goma. Nikamtaja Gaspard, naye akaenda na cheti chake, akachukuliwa. Tulifanya kazi pamoja tena hadi alipozeeka. Kile kiwanja leo kina nyumba, na Diana amezalia wanawe humo.

Sasa nikwambie wewe unayenisikiliza, maana siku hizi ofisi hufungwa kwa ujumbe wa simu na mtu hapewi hata kiti.

Siku ukiambiwa nafasi yako haipo, usitie sahihi saa hiyohiyo. Hofu ni mwandishi mbaya. Sema kwa adabu kwamba unaomba muda wa kusoma, na kama ni lugha usiyoijua, usione haya kusema. Omba wakuandikie sababu ya kuachishwa. Uliza kuhusu notisi, likizo zako, akiba yako ya uzeeni kama ilikuwa ikipelekwa, na usitoke bila kudai cheti cha kazi. Sheria hubadilika, kwa hiyo usitegemee niliyoyajua mimi; nenda kwa mkaguzi wa kazi, ukaulize bado kukiwa mapema. Usimtukane mtu wala usivunje kitu. Waage wenzako na uchukue namba zao, kwani kazi yangu ya pili ilitoka kwenye midomo ya watu, haikutoka gazetini.

Siku hiyohiyo, kabla hujavua viatu, mwambie mwenzako wa nyumbani. Kama hujaoa au kuolewa, mwambie anayekulea. Mwambie na mwenye nyumba mapema, na shule ya watoto, kwa maana mtu aliyeambiwa kabla huvumilia, ila aliyefichwa hukasirika. Angalia bima ya matibabu ya nyumba yako inaishia lini, mhamie nyingine kabla mtoto hajaugua. Na kitu cha kudumu, kiwanja, ng'ombe, cherehani, usikiuze katika siku zile za kwanza. Hizo si siku za kuuza wala za kuanzisha biashara uliyoisikia baa. Kata matumizi, amka saa ileile uliyokuwa ukiamka, vaa vizuri, toka ukatafute. Lakini nyumbani wajue unakokwenda.

Na ukimwona mwenzio anaondoka na uso uliofungwa, usiseme ni mambo ya nyumba ya watu. Mfuate.

Mwanangu, Mungu akulinde na kalamu ya haraka. Akupe mlango mahali ambapo watu wanakuonyesha ukuta, akupe na mtu wa kukuuliza kama umekula. Riziki yako ikutafute, ikukute hujajificha. Amina.