Wazamaji Kwenye Foleni ya Choo

Verlyn Sobczak alikuwa amehudhuria maonyesho sitini na matatu ya bendi moja, na katika yote hayo hakuwahi kuusikia wimbo aliokuwa akiufuata.

Bendi yenyewe iliitwa Trekta Iliyozama. Mtu wa kaskazini mwa Wisconsin haulizi jina hilo limetoka wapi. Kila mwaka, barafu ya ziwa inapoanza kulainika, hakosekani mmoja anayepita juu yake na trekta akijiambia kwamba bado inabeba, na kesho yake mji mzima husimama ukingoni kutazama bomba la moshi likichungulia majini. Mashabiki wa bendi hiyo walijiita Wazamaji. Zamani walikuwa vijana wenye nywele ndefu. Siku hizi walikuwa watu wa magoti mabovu, wenye fulana zilizowabana tumboni, wakisalimiana kwa kuulizana hali ya mgongo.

Verlyn alikuwa na miaka hamsini na minane, fundi katika kiwanda cha jibini cha Pike Bend, mtu wa maneno machache na mikono iliyonukia maziwa hata siku ya mapumziko. Wimbo aliokuwa akiufuata uliitwa "Barafu ya Machi". Ulikuwa wa mwisho kwenye albamu ya pili, mahali ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuzima redio.

Alikuwa na miaka ishirini na minne siku ng'ombe wa baba yake walipopigwa mnada. Jioni walirudi nyumbani kwenye pikapu, baba akiwa ameshika mapajani kamba ya ng'ombe wa mwisho, isiyo na ng'ombe. Kaseti ilikuwa ikicheza. Mzee Sobczak aliuchukia muziki wa mwanawe. Aliuita kelele za mabati. Walipofika uani Verlyn akanyoosha mkono kuuzima, na baba yake akasema, "Uache uishe." Wakakaa garini, injini imezimwa, mbele yao zizi tupu, mpaka wimbo ukaisha. Baba akashuka. Hawakulizungumza jambo hilo hata mara moja, na sasa mzee alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tisa.

Basi Verlyn alitaka kuusikia wimbo ule ukiimbwa na mtu aliye hai mbele yake, mara moja tu. Asingeweza kueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Tatizo ni kwamba bendi haikuupiga. Mwimbaji wao, Thane Rudeen, aliwahi kusema redioni kwamba wimbo ule unamchosha, na kwamba kuupiga kunahitaji nyuzi zote za gitaa zikazwe upya. Hilo halikumzuia Verlyn. Katika kila onyesho, kelele zikitulia, alisimama na kupaza sauti, "Barafu!" Miaka kumi na mitano akapiga kelele bila jibu. Halafu usiku mmoja, mjini Green Bay, Thane Rudeen akakinga macho na taa, akatazama safu za nyuma, akasema kwenye kipaza sauti, "Kaa chini, Barafu." Ukumbi ukaanguka kicheko. Tangu siku hiyo Wazamaji hawakumwita Verlyn kwa jina jingine, naye akalivaa jina hilo kama mtu aliyevishwa nishani na gavana.

Mwaka huo bendi ilikuja kupiga kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, saa kumi alasiri, baada ya mashindano ya kuvuta mizigo kwa trekta na kabla ya mbio za nguruwe. Kulikuwa na wakati bendi ile ilijaza viwanja vya mpira. Verlyn hakutaka kulifikiria hilo.

Arlys, mkewe, alikuwa hajawahi kukanyaga onyesho la bendi hata moja. Lakini siku hiyo alikuwa tayari uwanjani na chupa zake za achari ya matango, zilizotoka na utepe wa mshindi wa pili, na kiingilio kilikuwa kimekwisha lipwa.

"Leo nakuja," alisema. "Miaka yote hii nalala peke yangu kwa ajili yao. Nimwone huyo mke mwenzangu."

"Usinitie aibu tu," Verlyn alisema.

"Mimi? Mwenye fulana inayoonyesha kitovu ni nani?"

Walikaa safu ya sita, kwenye mabenchi ya bati yaliyopashwa na jua. Pembeni yao alikuwa Orrin Veum, mfanyakazi mstaafu wa posta, mwenye ndevu zilizofika kifuani, Mzamaji wa maonyesho hamsini na saba.

"Shemeji! Hatimaye umeletwa kanisani!" Orrin alimwambia Arlys.

"Nimekuja kuhesabu waumini wenye meno."

"Hapo utamaliza haraka, shemeji."

Bendi ikapanda jukwaani. Mpiga ngoma alisaidiwa kupanda ngazi. Walianza na nyimbo zile ambazo kila mtu alizijua, na Verlyn akaimba kila neno akiwa amefumba macho, huku Arlys akila vipande vya jibini ya kukaanga na kumtazama kama anavyotazamwa mtu anayezungumza usingizini. Wimbo wa nne ulipokwisha, Verlyn akasimama.

"Barafu!"

Thane Rudeen alikuwa akifuta jasho. Alitazama upande wao, akatabasamu kidogo. Kisha akainama kwenye kipaza sauti.

"Huu," alisema, "unatoka kwenye albamu mpya."

Hapo inafaa kuelezwa desturi ya Wazamaji, ambayo haikuandikwa popote lakini ilishikwa kuliko amri nyingi zilizoandikwa. Albamu mpya haisikilizwi. Maneno hayo mawili yakitamkwa jukwaani, Mzamaji wa kweli huinuka na kwenda chooni. Ni heshima kwa nyimbo za zamani, na pia, kwa umri waliofikia, ni rehema. Verlyn alikuwa amepanga maisha ya kibofu chake kwa utaratibu huo kwa miaka mingi, na haukuwahi kumwangusha.

"Nishikie bia," alimwambia mkewe.

"Unakwenda wapi? Si ndiyo wanaanza?"

"Ni mpya huu. Ukiisha tu, nimerudi."

Safu za mbele zikamwagika. Wazamaji zaidi ya arobaini walishuka mabenchi, wakishika benchi moja kwa mkono na kuegemea jingine kwa goti, wakavuka njia ya vumbi na kuzunguka banda la mbuzi, mahali vilipopangwa vyoo vya plastiki vya buluu. Foleni ikawa ya furaha. Huyu alisimulia operesheni ya nyonga, yule alisema albamu mpya ina kinanda, na wote wakaguna kama waliosikia habari ya msiba. Orrin alisema yeye huwashukuru sana kwa albamu mpya, maana bila hizo angekuwa amekwisha kupasuka.

Verlyn aliingia kwenye kibanda cha tatu, akafunga komeo. Humo ndani kulikuwa na joto la tanuri. Kwa mbali, juu ya sauti za mbuzi, alisikia gitaa likigusa noti nne za kushuka, polepole. Alizijua noti zile. Alifikiri kuna mtu anacheza kanda ya zamani kwenye banda la soseji, akamsifu moyoni kwa kuwa na masikio mazuri.

Mlango ukapigwa ngumi.

"Barafu!" ilikuwa sauti ya Orrin. "Barafu! Barafu!"

"Subiri kidogo, sijamaliza!"

"Barafu, Verlyn!"

"Nimekusikia! Vipo vibanda vinane, kwa nini unanisakama mimi?"

"Siyo wewe, mpumbavu! Wimbo! Wanaupiga!"

Kuna kimya ambacho mtu hukipata mara moja maishani, na Verlyn alikipata ndani ya kibanda cha plastiki, suruali ikiwa magotini. Noti nne zikarudi. Halafu ikaja sauti ya Thane Rudeen, imezeeka, imekwaruza, ikisema jambo ambalo upepo haukumfikishia.

Jinsi alivyotoka, yeye mwenyewe hakukumbuka. Waliokuwepo walisema mkanda ulikuwa ukiburura nyuma kama mkia. Foleni nzima ilikuwa imekwisha geuka na kuanza kukimbia, kama inaweza kuitwa kukimbia, watu wakishika mioyo yao na viuno vyao. Walipofika kwenye njia ya vumbi wakakuta kamba imefungwa. Nguruwe kumi na wawili, waliovalishwa vizibao vyenye namba, walikuwa wakivushwa kupelekwa kwenye mbio.

"Tupishe, dada!" Orrin alimlilia msichana aliyeshika kamba. "Tupishe, tunakufa!"

"Nguruwe kwanza, babu."

"Miaka thelathini na minne!" Verlyn alisema.

"Dakika mbili tu, babu. Wakishtuka hawa watatawanyika, nami nitafukuzwa."

Nguruwe namba saba akalala chini katikati ya njia. Verlyn akasimama kwenye kamba, mkono mmoja ukishika suruali. Upepo ulivuma kutoka kwake kwenda jukwaani, ukimrudishia mwimbaji wimbo wake mwenyewe. Kilichovuka kilikuwa mdundo wa ngoma peke yake, nao ulikuja kupitia ardhini, kwenye nyayo. Akainamisha kichwa ili asikie zaidi. Hakusikia zaidi. Namba saba alipokubali kuinuka, makofi yalikuwa yamekwisha anza.

Alimkuta Arlys pale pale, bia mkono mmoja, jibini mkono mwingine.

"Ulirekodi?" aliuliza, akihema.

"Kwa mkono upi, Verlyn?"

Akaketi. Thane Rudeen alikuwa anarudisha nyuzi za gitaa lake mahali pake, akitazama Wazamaji wakirejea mmoja mmoja na mikanda yao, na hakuficha kicheko.

"Alisema nini kabla ya kuanza?" Verlyn aliuliza.

Arlys alisita. "Alingoja mpaka mmeishia nyuma ya mbuzi. Akasema, miaka thelathini hawa wananipa kisogo nikitaja kitu kipya. Basi, nyinyi mliobaki, huu ni wenu."

Verlyn hakusubiri onyesho liishe. Ilikuwa mara ya kwanza. Alitembea hadi kwenye pikapu, akakaa nyuma ya usukani, mikono juu ya magoti, na Arlys akamfuata na utepe wake wa mshindi wa pili. Wakakaa. Maegesho yalinuka nyasi zilizokanyagwa.

"Alinijua," Verlyn alisema. "Alinitazama usoni, akaniacha niondoke."

"Nawe uliondoka."

"Ni desturi!"

"Desturi ya kukojoa. Mtu ametunga nyimbo mpya kwa shida zake, nanyi mnakwenda kukojoa. Ningekuwa mimi ningewafanyia hivyo mwaka wa kwanza."

Nje, mtu aliwatangaza nguruwe kwa kipaza sauti.

"Ngoja nikusimulie ulivyokuwa," Arlys alisema.

"Usinisimulie."

"Haya."

Verlyn akatia ufunguo, hakuuzungusha.

"Alianza na gitaa au na sauti?"

"Hukutaka nikusimulie."

"Arlys."

"Gitaa. Peke yake. Lile la kulialia." Akaanza kuuvumisha wimbo puani, vibaya mno, akipanda mahali pa kushuka.

"Hapana, hapana. Siyo hivyo." Akamwimbia. Hakuwa na sauti. Alikuwa na sauti ya mtu wa jibini. Aliimba ubeti wa kwanza wote akitazama usukani, na ubeti wa pili, na alipofika mahali ambapo barafu inaanza kulia chini ya magurudumu, Arlys akamgusa mkono.

"Hapo unakimbia. Yeye hakuimba hivyo."

"Nimeusikiliza wimbo huu mara elfu kumi."

"Kwenye kaseti. Mimi nilikuwepo." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza kiasi cha siki. "Hapo aliushusha, akangoja. Alingoja mpaka nikadhani amesahau maneno. Mama mmoja nyuma yangu akasema, masikini. Ndipo akaendelea."

"Alingoja kwa muda gani?"

"Nitakuonyesha. Anza tena."

Verlyn akavuta pumzi, akaanza tena. Alipofika pale akanyamaza, akamtazama mkewe, na Arlys akainua kidole kumzuia, bado, bado.