Jina la Koku Korongoni

Kiangazi nilichotimiza miaka kumi na mmoja, bibi alitutuma mimi na mdogo wangu Koku tumpelekee shangazi unga wa ulezi. Shangazi alikuwa amejifungua, na uji wa mzazi hausubiri. Barabara ya kwenda kwake kutoka kwetu Mabira ilizunguka mlima mzima. Njia ya mkato ilipita korongoni, na kwa kuwa mto ulikuwa umepungua, bibi aliridhia, ila kwa sharti.

"Mle ndani msiitane majina," alisema. "Mto ukishalijua jina la mtu, siku moja utamwita. Na mkisikia 'we, we', msiitike. Hao ni wenye korongo."

Nilikuwa mwanakwaya, lakini bibi nilimwamini kuliko mchungaji.

Kule ndani kuta za mawe zilitunyima jua. Tulipanda majabali kwa magoti, tukavuka maji mara tatu au nne, mawe yakiteleza kama yamepakwa sabuni. Mzigo ulikuwa kichwani kwangu, shingo inaniuma, nami nilimkasirikia Koku kila alipotua kupumzika. Mahali pembamba kuliko pote nilitangulia. Nilipogeuka, hakuwapo.

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Hofu ikanisahaulisha nusu ya onyo, nikaita, "We! We!" Korongo likanirudishia sauti yangu kutoka kila upande, kisha kimya.

Koku alikuwa chini yangu tu, nyuma ya jabali, mguu umebanwa na mawe, maji yamemfika kifuani. Alinisikia vizuri. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, maana alikatazwa kuitika. Hayo alinieleza baadaye. Pale juu nilijua tu kwamba mdogo wangu hayupo na maji yanapita.

Nilisimama. Kisha nikatua mzigo, nikaita kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Kokushubira!"

"Niko hapa, dada," akaitika, akilia.

Nilishuka nikamchomoa, mguu umechunika vibaya. Tulipomfikishia shangazi unga na kurudi nyumbani, bibi hakutugombeza. Alimkanda Koku kwa maji ya moto, akaniuliza kama jina nililitaja lote. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hakumtuma tena Koku mtoni.

Sasa Koku ana duka Murongo, na mto haujamwita. Huwasimulia wanawe kwamba mama yao mkubwa alimwita papo hapo, nao hunitazama kwa heshima ambayo sijui niiweke wapi. Sikumwita papo hapo. Nilisimama kitambo ambacho hadi leo naona aibu kukikadiria, na sikuwa nikilionea huruma jina lake. Niliwaza kwamba nikimwita Koku, naye ataniita mimi, na mto utanijua.

Yeye, maji yakiwa kifuani, aliitika "dada" tu. Jina langu hakulitaja.