Mwaka wa Gari la Mama Angélique

Papa Urbain hakuwahi kubadilisha kipande cha gari kwa kubahatisha. Alijifunzia ufundi katika karakana ya reli hapa Kalemie, na mkuu wake wa zamani alikuwa akisema kwamba fundi anayebahatisha ni mwizi aliyevaa ovaroli. Neno hilo Urbain alilibeba hadi kwenye garaji yake ndogo karibu na daraja la Lukuga, akazeeka nalo. Wateja walimwona mgumu. Lakini walirudi.

Toyota ya Mama Angélique ndiyo iliyomtesa. Asubuhi iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweusi, ikazimika kabla ya kufika barabarani, na kwenye dashibodi taa ya injini haikuzimika kamwe. Mama Angélique alikuwa mkunga, mjane wa Blanchard, rafiki wa Urbain. Shemeji yake Gérard alitaka gari liuzwe vipande vipande, na Mama alikuwa amekubali: lisipopona kufikia mwisho wa mwezi, aje alichukue. Alikubali huku akitazama pembeni. Nyuma ya kiti bado kulikuwa na kofia ya reli ya mumewe.

Urbain akamweleza kwamba inahitajika skana, mashine ndogo inayochomekwa kwenye gari na kusoma kosa ambalo kompyuta ya injini imelihifadhi. Ila skana si zote sawa, akasema. Kila moja ina magari ya rika lake. Bénit, mchuuzi anayevuka ziwa kwenda Kigoma, alikuwepo pale akingoja boti ipakie. Akauliza gari ni la mwaka gani.

"Tisini na nane," Mama Angélique akajibu kabla ya fundi. "Mwaka wa harusi yetu. Blanchard alikuwa anasema gari na ndoa yetu ni mapacha."

Bénit akaandika, akapokea pesa za skana. Urbain akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Maana yeye alijua. Wiki ya ile harusi Blanchard alimletea gari alikague, limepakwa rangi mpya linang'aa, na Urbain akasoma mwaka kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti: 1993. Blanchard akamshika mkono. Akamwomba anyamaze, kwa kuwa alitaka wazeeke wote watatu pamoja, yeye, mke na gari. Urbain akanyamaza. Lilionekana jambo dogo. Lakini uongo hata ukivikwa nguo ya harusi ni uongo; hukaa ukingoja siku ya kumkwaza mtu asiye na kosa.

Siku kumi na mbili baadaye Bénit akarudi na skana, mpya, na plagi yake pana. Urbain akapiga magoti chini ya usukani. Mahali pa kuchomeka hapakuwepo. Mama Angélique naye akainama na tochi, akapapasa kila pembe, akasimama akijifuta vumbi.

"Labda mimi njo nilikosea kusema," akasema. "Mimi sijui magari. Unisamehe, Papa Urbain, nimekupotezea siku."

Zilibaki siku tatu mwezi uishe. Urbain angeweza kumwacha aende na kosa lile mgongoni. Badala yake alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, akamwonyesha kile kitambaa, akamweleza yote, na ombi la Blanchard vilevile.

Mama Angélique akasoma tarakimu zile mara mbili. Akaingia garini, akakaa kiti cha abiria, mahali pake pa siku zote.

"Na mengine? Kuna mengine alikuambia unyamaze?"

"Hakuna. Ni hilo moja. Na usimtwike yeye peke yake, Mama. Yeye amekufa. Mimi niko hai na mdomo ninao, nikakuacha uagize kitu nikijua."

 Mama Angélique akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi lilitutangulia miaka mitano. Njo maana linakohoa kama muzee."

Gari la rika lile halihitaji skana, Urbain akamwambia. Nalo hilo alilijua, ila kulisema kungeufichua mwaka. Akafunua boneti, akafungua kisanduku kidogo cha plastiki, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Akamwomba azungushe ufunguo bila kuwasha injini, na ahesabu taa inavyokonyeza.

"Mbili," Mama Angélique akasema. "Imenyamaza. Mbili tena."

Ishirini na mbili: kile kipande kinachoiambia kompyuta joto la maji. Kilikuwa kimekufa, na injini ikadhani iko kwenye baridi siku zote, ikanywa petroli kupita kiasi. Urbain akatoa kingine kwenye Toyota mbovu nyuma ya garaji, akakipima kwanza, akakifunga. Gari likawaka. Taa ikazimika. Skana akaichukua yeye, akamrudishia Mama gharama yake yote, naye Mama alipokataa, akakataa kukataliwa.

Siku ya mwisho wa mwezi Gérard alifika na kamba ya kulivuta gari. Akamkuta Mama Angélique analiosha gari. Mama akamwambia aingie, ampeleke nyumbani, jua ni kali. Kabla ya kuondoka akaichukua ile kofia nyuma ya kiti, akaikung'uta vumbi.

"Muongo wewe," akaiambia polepole, akairudisha mahali pake.