Mfuko wa Mbolea Nilioonea Haya

Ipo siku moja ya masika ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kijana wa Mafinga mwenye kamera moja na majivuno ya watu kumi. Nakusimulia leo kwa sababu nimekuona unafungasha vifaa vyako vya kwenda kupiga picha kwenye mashamba ya mpunga Ubaruku, ukakiacha mezani kile kifuko cha plastiki cha kuzuia maji. Umesema ni cha bei rahisi na kitakufanya uonekane mshamba. Ilikuwa kama najisikia mwenyewe nikiongea.

Siku zile nilipita vijijini kuwapiga watu picha, nikazisafishia Mbeya, kisha nikawarudishia. Kamera yangu ilikuwa na ganda la ngozi nililoling'arisha kwa rangi ya viatu kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Tukikutana njiani, ungelisalimia lile ganda kwanza ndipo unikumbuke mimi.

Masika hiyo niliitwa ng'ambo ya mto, huko Usangu, kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa sana na hajawahi kupigwa picha hata moja. Mwanawe alitaka sura yake ibaki nyumbani kabla hajaondoka duniani.

Aliyenivusha alikuwa mzee wa Kisangu mwenye mtumbwi wa gogo. Alilitazama ganda langu la ngozi, akatikisa kichwa, akatoa mfuko wa nailoni, ule unaokaa ndani ya gunia la mbolea. Alikuwa ameuosha vizuri. Akaupuliza ukajaa hewa, akaukandamiza ndani ya maji kuona kama unatoa mapovu. Haukutoa. Ndipo akaitia kamera, akausokota mdomo wa mfuko, akaukunja na kuufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akaniambia nisiufungue mpaka nikanyage pakavu. Nikavuka nimepakata mfuko wa mbolea, na aibu niliyoona Mungu anajua.

Yule mama walimtoa uani, wakamkalisha kwenye kigoda. Alijifunga kitambaa chake cha kichwa mara tatu, kila mara akisema hakijakaa sawa. Nikampiga picha tatu. Akanishika mkono, akauliza kupitia kwa mwanawe ataiona lini. Nikasema baada ya wiki mbili.

Wakati wa kurudi mzee wa mtumbwi akaifunga tena kamera mfukoni, lakini ukingo tuliokuwa tunaurudia ulikuwa na mnada wa ng'ombe, watu wamejaa ukingoni, na wasichana hawakukosekana. Nikaona siwezi kushuka mbele yao na takataka ya shambani. Katikati ya mto nikaufungua mfuko, nikaivaa kamera shingoni.

"Wewe kijana, rudisha kitu chako," mwenye mtumbwi akasema. "Bado tuko kwenye maji."

Nikacheka tu. Tulipokaribia ukingo nikasimama ili nionekane vizuri, mtumbwi ukayumba, nikatumbukia. Maji yalinifika kifuani, na kamera ilikuwa kifuani. Mbeya, fundi aliyekuwa akinisafishia picha alinionyesha filamu iliyogandamana na tope. Hapakuwa na sura ya mtu.

Niliazima kamera nyingine nirudi haraka, lakini mvua zilikuwa zimekata barabara. Nilifika baada ya mwezi nikakuta watu wameketi kwenye mikeka. Walikuwa wamemzika siku nne kabla.

Nilikuwa nimekuja na uongo wangu, kwamba picha ziliharibikia kwenye kusafishwa. Nilipomwona Mzee Masanja ulinishinda. Nikamweleza yote, mpaka wasichana wa mnadani.

"Basi niambie ulivyomwona," akasema. "Siku ile wewe ndiye uliyemtazama mama yangu kuliko sisi wote. Kile kitambaa alichojifunga kilikuwa cha rangi gani? Dada zangu wanabishana."

Mwanangu, sikukumbuka. Nilikumbuka jua lilikuwa upande gani na nilisimama hatua ngapi kutoka kwake. Kitambaa sikukiona kabisa, kwa sababu muda wote nilikuwa nawaza jinsi ninavyoonekana mimi nimeshika kamera. Mzee hakunigombeza. Aliagiza niletewe chakula. Angenichapa bakora ningeshukuru.

Kwa hiyo nisikilize. Kamera ikizama utanunua nyingine, lakini sura ya mtu uliyokabidhiwa haiuzwi dukani. Usidharau kitu cha bei ndogo kinachofanya kazi yake. Kijaribu kwanza kikiwa kitupu, kipulize, kizamishe, ukiridhika ndipo ukiamini. Ukishafunga usifungue kwa ajili ya macho ya watu walioko ukingoni, kwani hao wataondoka na ng'ombe zao na hawatakukumbuka. Na ukimpiga mtu picha, mtazame yeye.

Nenda, mwanangu. Mungu akuvushe salama kila penye maji, na wote watakaokukabidhi sura zao awaache hai mpaka wazione.