Macho ya Mwalimu

Mafundi walimwita Chokaa, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kila jioni aliteremka jukwaa la ujenzi akiwa mweupe kwa chokaa kuanzia nyusi hadi viatu, na wao wakamwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo bibi!" Naye aliitikia marahaba kwa sauti ya kikongwe, akishika kiuno, wakavunjika mbavu.

Alisomea usanifu wa majengo. Wenzake walikimbilia kuchora maghorofa ya vioo. Yeye alipenda kuta nene zilizokwisha kuona mambo. Alipomaliza chuo alichaguliwa kwenye mpango wa kuwalea wataalamu vijana wa majengo ya kale. Utaratibu ulikuwa rahisi: kijana anakabidhiwa mlezi, anamfuata kwa miaka miwili, kisha anapewa jengo lake mwenyewe alitengeneze kwa jina lake. Chokaa alipangiwa mlezi ambaye kila mtu alimtaka. Walimwita Mwalimu tu, bila kuongeza kitu.

Mwalimu alikuwa pande la mtu, sauti yake ikitangulia kuingia chumbani kabla ya tumbo. Alimfundisha kugonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza palipoachia. Alimfundisha kwamba ukuta wa mawe na chokaa unapumua, na kwamba anayeuziba kwa simenti anayafungia maji ndani, yakaula polepole bila mtu kujua. Chokaa alikuwa akirudi nyumbani amechoka, hata chakula hakimshuki vizuri, lakini anacheka peke yake.

Siku moja walikuwa kwenye jengo la posta ya zamani. Mwalimu alisimama mbele ya ukuta wa ukumbi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona rangi hii ya buluu ilivyoshika? Hiyo ndiyo kazi ya watu wa zamani."

Chokaa alicheka. Rangi ile walikuwa wameikwangua wiki iliyopita, ukuta ukabaki uchi. Alidhani ni utani. Mwalimu hakucheka, na kile kicheko kikamfia Chokaa mdomoni.

Walipoketi nje kwenye kibaraza, Mwalimu alisema, "Ni presha ya macho, mwanangu. Pembeni kumekwisha kufunga. Katikati nako ni ukungu. Mke wangu anajua. Sasa na wewe unajua. Basi, iishie hapo."

"Mwalimu, daktari anasemaje?"

"Anasema yake. Mimi nasema, kabla sijamaliza kufundisha sitakaa nyumbani nipapase viti. Utakuwa macho yangu?"

Angejibu nini? Mtu mzima aliyemheshimu kuliko wote alikuwa akimwomba, na mikono yake mikubwa ilikuwa imetulia magotini kama ya mtoto aliyeadhibiwa. Alisema ndiyo. Usiku ule aliona amevishwa taji.

Taji likageuka kuwa kitanzi kidogo kidogo. Chokaa alijifunza kutembea nusu hatua mbele na kunong'ona "ngazi," "kizingiti," "ndoo." Kwenye mikutano alimgusa mguu chini ya meza mtu aliponyoosha mkono upande ule usioonekana. Ripoti aliandika yeye, kisha akakishika kidole cha Mwalimu na kukiweka mahali pa sahihi. Jina lililokuwa chini lilikuwa moja, wala halikuwa lake. Ofisini watu waliwaita pete na chanda. Mwalimu mwenyewe alipokuwa na furaha alimtania pembeni, "Ukila na kipofu usimshike mkono, eh?" Chokaa alicheka kwa kulazimika.

Miaka miwili ikaisha. Mwenzake mmoja alikabidhiwa mnara wa taa, mwingine shule kongwe yenye madirisha ya upinde. Walituma picha kwenye kundi lao la simu, wamevaa kofia ngumu, wamesimama mbele ya majengo yao kama watu waliopata watoto. Chokaa aliwapongeza wote. Yeye muda wake ulikuwa umeongezwa. Aliambiwa mlezi ameomba.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Aliishi kwa dada yake, akilala chumba kimoja na wapwa zake watatu, wanaopiga mateke hata ndotoni. Siku aliyojaribu kusema kwamba amechoka kuwa kivuli cha mtu, dada yake aliacha kukunja nguo.

"Mdogo wangu, kuna watu wanalilia kubeba mkoba tu wa yule mzee. Amekushika mkono, na wewe unataka kumrudishia nini? Fadhila ya punda?"

"Sijasema nampiga teke, dada."

"Basi tulia. Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Angeweza kumweleza dada yake kwamba Mwalimu haoni. Lakini siri ya mtu si nguo za kukunjwa na kutandazwa kitandani. Alichukua shati la mpwa wake akaanza kulikunja.

Wakati huo kazi kubwa ilikuwa jengo la mahakama ya zamani, ambalo lilikuwa linageuzwa kuwa maktaba. Lilikuwa na roshani ya mbao ikielekea barabarani, na siku ya ufunguzi wageni wangesimama pale kupigwa picha. Mwaka uliotangulia, Chokaa alipokuwa amekwenda kumuuguza mama yake, Mwalimu aliikagua roshani peke yake na kuipitisha. Ufunguzi ulipokaribia, Chokaa alipanda kutazama rangi, akaona doa la unyevu mahali boriti inapoingia ukutani. Alichukua bisibisi akaisukuma. Iliingia yote hadi mpini, kama kisu kwenye papai.

Alijaribu boriti ya pili. Vilevile. Ukuta ule miaka ya nyuma ulikuwa umewahi kupigwa lipu ya simenti, maji yakakosa pa kutokea, yakazila boriti vichwa. Nje zilionekana nzima, zinang'aa kwa vanishi.

Alimweleza Mwalimu siku hiyohiyo. Mzee akasema, "Kesho nitawaambia wasimamishe."

Kesho yake walifika Mkurugenzi wa ofisi yao, aliyekuwa na haraka kuliko mtu anayefukuzwa, na Mratibu wa ule mpango wa vijana, mama mmoja mpole aliyekuja kuona maendeleo. Mkurugenzi alisema, "Mwalimu, roshani iko salama? Wewe ndiye uliyeipitisha."

Mwalimu aliinua ngumi akaigonga boriti katikati, mahali penye uzima. Ililia kwa sauti kavu, nzuri.

"Mti huu utatuzika sisi sote," alisema.

Chokaa alimtazama. Alingoja aongeze neno. Mwalimu alikuwa ameelekeza uso barabarani, shingo imekaza, na hapo Chokaa akaelewa: kusema boriti zimeoza ni kusema kwamba mwaka jana alipitisha kitu ambacho hakukiona. Mkurugenzi alimgeukia Chokaa kwa tabasamu. "Na msaidizi wetu?" Alitikisa kichwa, na hata leo hajui kama kilitikisika kwa ndiyo au kwa hapana. Mkurugenzi aliona ndiyo.

Wakishuka ngazi, Mratibu alimvuta kando. "Binti, hivi kwa nini unakataa majengo? Mara mbili tumekutengea, mara mbili tunaambiwa hutaki kwenda mbali, na kwamba bado hujaiva."

"Nani kasema?"

Mratibu alimwangalia kama mtu aliyejikwaa. "Mlezi wako."

Jioni Chokaa alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Mke wake alimfungulia, akamtazama usoni mara moja, akasema, "Amekaa huko ndani. Mwambie tu, mwanangu. Mimi nimeshindwa." Akaenda jikoni akaacha mlango wazi.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa.

"Umenikatalia majengo," Chokaa alisema akiwa bado amesimama.

"Nimekukatalia."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka nisikie."

Mzee alipapasa mkono wa kiti. "Ukiondoka nitabaki gizani. Na wewe ni hodari. Nilijua jengo lingine litakuja. Majengo ya kale hayakimbii."

"Mimi je, sizeeki? Mimi si fimbo, Mwalimu."

Chokaa alimwambia kuhusu roshani, kwamba watu wataanguka, na watakaoanguka hawana habari ya macho ya mtu. Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, ambayo Chokaa hakuwahi kuisikia, "Sema basi wewe. Mimi kinywa hakifunguki."

Lakini kusema ni kumvua nguo mzee hadharani. Na kunyamaza ni kuua watu. Chokaa alirudi nyumbani akalala katikati ya mateke ya wapwa, macho kwenye dari.

Asubuhi aliingia kazini mapema, akachukua nyundo na patasi, akapanda roshani. Katika kazi yao, kubomoa hata kipande cha lipu bila kibali ni kosa la kufukuzisha mtu. Alipasua ukuta kuzunguka kichwa cha boriti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Simenti iliruka vipande. Mafundi walikuja wakasimama chini wakikodoa. Safari hii hakuna aliyetania. Kichwa cha boriti ya tatu hakikuhitaji hata patasi, kilimwagika chenyewe kama unga wa kahawa.

Mkurugenzi alifika akipiga kelele tangu getini. "Nani? Nani katoa amri hii?"

Chokaa alifungua mdomo kusema ni mimi. Wakati huohuo akasikia nyayo nzito zikipanda ngazi, moja moja, mkono ukiburuzika ukutani. Mwalimu alikuwa amekuja peke yake. Alisogea mpaka kwenye lile shimo, akatia mkono ndani, akatoa vumbi la mbao kiganja kizima, akalionyesha.

"Mimi," alisema. "Nilimwagiza mimi. Sikuridhika na mlio wa jana."

Mkurugenzi akashusha pumzi, akashika kichwa, akacheka kwa woga. "Mzee wangu! Hayo macho yako, mbona hayana mfano!" Mafundi walipiga makofi. Ufunguzi ukaahirishwa, roshani ikafungwa, boriti zikaagizwa upya.

Chokaa alisimama na nyundo mkononi. Alikuwa ameokolewa asifukuzwe, na watu walikuwa wameokolewa wasianguke, na Mwalimu amebaki na heshima yake. Kila mtu alikuwa amepata. Yeye ndiye aliyejiona kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje na anayemfungia akimtakia usingizi mwema. Angelalamika kwa nani, na kwa lipi?

Alipomwomba ruhusa ya kuondoka, Mwalimu hakukataa tena. Alisema, "Nitakuachia. Kuna binti mpya ametoka chuoni, analetwa kwangu. Mfundishe unavyonifanyia. Taratibu, asishtuke. Akishazoea, nenda."

Ndicho alichokuwa akikisubiri kwa miaka: mlango ulio wazi. Alitakiwa tu amwache mwingine ndani.

Binti mpya alikuja Jumatatu, amevaa viatu vyeupe vya kukera, ana maswali mengi. Mwalimu alimkaribisha kwa sauti yake ile ya kutikisa madirisha. Chokaa aliwaacha wasalimiane, halafu akasema, palepale mbele ya mzee, bila kunong'ona:

"Mdogo wangu, jambo la kwanza. Mwalimu haoni. Anajua ukuta kuliko sisi sote, ila haoni. Atakuomba umfichie. Usikubali. Mimi nilikubali."

Mwalimu alikaa polepole, akipapasa kiti, bila kujali tena nani anamwona.

"Hukunihurumia," alisema.

"Nimekuhurumia muda mrefu, Mwalimu. Hakuna aliyepona."

Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa Mkurugenzi kusema ukweli, mke wake amemshika mkono, kabla ya mwezi kuisha. Alistaafu kwa sherehe fupi na hotuba ndefu. Simu za Chokaa aliacha kuzipokea, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Dada yake naye aliposikia alisema tu, "Haya, umefurahi?" wakapitisha siku kadhaa wakiongea kupitia watoto.

Mambo hayakumwendea kama unavyotamani. Jengo walilomtengea lilikuwa limekwisha kupewa mwingine. Ofisi haikuwa na mtu wa kushika kazi za Mwalimu, kwa hiyo akapewa yeye: chumba kilekile, dirisha lilelile linalotazama ukuta wa jirani, na ulezi wa binti mpya. Majengo ya mbali yameendelea kuwa ya mbali. Siku nyingine hukaa pale akahisi kwamba amebadilisha kiti tu, gereza ni lilelile. Ripoti sasa zina jina lake, na mara ya kwanza alilitazama kwa muda mrefu kana kwamba ni la mtu anayemdai.

Ila kuna jambo alilifanya bila kuuliza mtu. Kabla binti hajatimiza miezi sita alimpa jengo, nyumba ndogo ya mashine za maji iliyoachwa, kuta nne na paa bovu. Mratibu alimpigia simu. "Si bado hajaiva?"

"Hajaiva," Chokaa alisema. "Mwacheni."

Binti alikosea kuchanganya chokaa, ikawa nyepesi mno, na lipu ya ukuta mmoja wote ikamwagika chini kama uji. Alilia. Chokaa alikuwa amesimama nje kivulini, mikono nyuma, vidole vikimwasha vibaya sana kuushika ule mwiko. Hakuingia. Binti alifuta machozi kwa kiwiko, akawaita mafundi, akaanza kuchanganya upya.